Pampu Mbili, Mto Mmoja

Wahandisi wanaochunguza kutegemeka kwa mitambo hukutana kila mwaka kwenye mkutano uitwao ESREL. Mwaka 2023 ulifanyika Southampton, Uingereza. Huko huzungumzwa vinu vya nyuklia, ndege na visima vya mafuta baharini. Lakini hesabu wanayoanzia, mtu anaweza kuipiga akiwa kwenye foleni ya madumu ya maji katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na nadhani huko ndiko itakakoeleweka upesi zaidi.

Huko maji ya ziwa huvutwa, husafishwa, husukumwa hadi kwenye tangi mlimani, kisha hushuka bombani. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba umeme, pampu, mtambo wa kusafishia, bomba kuu na tangi kila kimoja kinafanya kazi siku 95 kati ya 100. Si vibaya hata kidogo. Ila vinategemeana: kimoja kikilala, vyote vimelala. Zidisha 0.95 mara tano, utapata karibu 0.77. Mwenye dumu atakosa maji takriban siku 23 kati ya 100, na hakuna fundi aliyezembea.

Dawa ya kwanza ni akiba. Pampu inayofanya kazi siku 90 kati ya 100 ukiiwekea pacha wake, zitalala pamoja siku moja tu. Hesabu tamu! Ina sharti moja ambalo watu hulipita haraka: ubovu wa moja usihusiane na ubovu wa nyingine. Pampu mbili zinazovuta tope lile lile, kwa umeme wa waya ule ule, usizihesabu mbili. Kwenye kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, Machi 2011, jenereta za dharura zilikuwepo kadhaa. Nyingi zilikuwa mahali pa chini, na tsunami ikazizima kwa mkupuo.

Sasa tazama ramani. Mto Rwizi huanzia vilima vya Buhweju, hupita Mbarara, mji unaoutegemea kwa maji yake, kisha huelekea kwenye maziwa ya Mburo na Nakivale. Mji una mitambo yake na mafundi wake, makazi ya wakimbizi yana yake, lakini kwa macho ya mtaalamu wa hatari yote hayo yananing'inia kwenye uzi mmoja. Vinamasi vya juu vikikaushwa kwa kilimo, kingo zikichimbwa mchanga, shida hushuka na mto. Ukiniuliza hatari kubwa iko wapi, sitakuonyesha pampu. Nitakupeleka kwenye kinamasi kilichogeuzwa shamba.

Ndiyo maana mradi wa shirika la maji la taifa, NWSC, wa kuleta maji ya Kagera hadi Isingiro na Mbarara una thamani zaidi ya lita zake. Kagera hukusanya maji ya Rwanda na Burundi. Mashamba ya Buhweju hayaugusi. Hiyo ni akiba ya kweli, ingawa si kamili, kwani ukame mpana unaweza kuikumba mito yote miwili. Tena maji hayo lazima yapandishwe vilima vya Isingiro kwa umeme. Wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara wana kazi nzuri hapo: kufuata njia zote mbili kituo kwa kituo, wakiuliza ni kitu gani kimoja kikikatika kitazima zote. Laini ya umeme? Barabara inayoleta klorini na dizeli? Au stoo moja ya vipuri huko Kampala?