Kupanda Alfalfa Pamoja na Nyasi kwa Kufanya Hei

Wasikilizaji, katika jimbo la Montana, Marekani, theluji huweza kufunika malisho kwa miezi mingi. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 500 ataka kama kilo 12 za hei kila siku, yaani majani yaliyokatwa na kukaushwa. Kwa siku 150 hizo ni kilo 1,800. Mwenye ranchi asiyeziweka ghalani wakati wa jua itambidi kununua kwa bei ya shida, au kuuza ng'ombe zake.

Wengi huko hupanda alfalfa, ndiyo lusani, pamoja na nyasi. Alfalfa ni jamaa ya kunde. Mizizini mwake mna vifundo, na ndani yake hukaa bakteria watwaao naitrojeni hewani na kuifanya chakula cha mmea. Mizizi na majani yakioza, nyasi za jirani nazo hupata sehemu yake, na mkulima huokoa gharama ya mbolea.

Mtu atauliza, ikiwa alfalfa ni njema hivyo, nyasi ni za nini? Alfalfa ina tabia ya ajabu: haiwapendi watoto wake. Mmea mzima hutoa sumu izuiayo mbegu za alfalfa kustawi karibu naye. Basi mimea ya kwanza ikifa, mapengo hayazibiki kwa kupanda tena, na magugu huingia. Nyasi kama bromu huyajaza mapengo hayo. Tena ng'ombe wakiingizwa shambani, nyasi hupunguza hatari ya kuvimba tumbo, ambayo huua upesi wale walao alfalfa mbichi tupu.

Kazi ngumu ni kujua siku ya kukata. Wenye ujuzi hungoja mpaka shina moja katika kumi limetoa ua. Anayekawia hupata mzigo mkubwa zaidi, lakini mashina yamekuwa kama kuni, na nguvu ya chakula imepungua. Protini nyingi ya alfalfa imo katika majani yake, nayo yakikauka mno hupukutika. Kwa hiyo hei hukusanywa kwa reki asubuhi, umande ungalipo kidogo.

Lakini isifungwe marobota ingali mbichi. Mtu hutwaa konzi ya mashina na kuyasokota. Yakipindana bila kuvunjika, hungoja. Robota lenye maji huota ukungu, kisha hupata joto lenyewe, na baada ya siku kadhaa au majuma huweza kuwaka moto pasipo mtu kuleta kiberiti. Mwenye shaka huchomeka chuma kirefu ndani ya rundo. Akikitoa nacho hakishikiki kwa moto, huwaita wazima moto kwanza kabla ya kulifumua, kwani hewa ikiingia ghafula ndipo mwali hutoka.