Fahamu: Kwa nini kadi mpya ya mtandao haifanyi kazi ndani ya mashine pepe

Umeiongezea mashine pepe kadi ya pili ya mtandao bila kuizima. Amri imekubali, lakini ndani hakuna mawasiliano. Kabla ya kuizima na kuiwasha upya, ingia ndani uandike ip link.

Kadi ikionekana na neno DOWN, Linux imeipokea. Ila hakuna aliyeiagiza iamke na kuomba anwani. Kwenye Ubuntu ndilo kosa la kawaida: faili la Netplan huitaja kadi ya kwanza kwa jina, na ya pili, tuseme enp7s0, hubaki kama mgeni asiyekaribishwa. Isipoonekana, jaribu lspci. Ikiwa humo ipo, kinachokosekana ni kiendeshi. Windows, kwa mfano, haiji na kiendeshi cha virtio.

Amri ikikataliwa tangu mwanzo, hesabu nafasi. Mashine za QEMU za aina ya q35 huhitaji pcie-root-port iliyo wazi, na kila moja hubeba kifaa kimoja. Kuziongeza, lazima uzime mashine. Inaudhi, najua.

Na ukitumia virsh attach-interface yenye --live pekee, kadi itatoweka mashine ikizimwa. Weka na --config.