Umetolewa maji kifuani? Nafuu isikufanye usahau majibu

Mtu akitolewa maji kifuani mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyohiyo, tena anapumua vizuri kuliko alivyokwenda. Hapo ndipo wengi wanapojiona wameshapona.

Tumezoea kusema "maji kwenye mapafu", ila hasa huwa nje ya pafu, kati yake na ukuta wa kifua. Daktari huchoma ganzi, hupitisha sindano kati ya mbavu, huyavuta, na sampuli inakwenda maabara.

Ukifika nyumbani, maumivu kidogo pale palipochomwa kwa siku moja au mbili ni kawaida. Kukohoa kwa muda pia, maana pafu lililobanwa linatanuka tena. Plasta ikae siku nzima bila kulowa, na pasikandwe wala kuchuliwa mafuta. Kama ni msimu wa karafuu, kupanda mikarafuu na kubeba magunia kusubiri siku chache. Kuzamia pweza, au kupanda ndege kwenda Unguja, mpaka daktari aruhusu: hewa ikiwa imevuja kifuani, hutanuka ukiwa angani. Boti haina shida hiyo.

Hewa hiyo ndiyo ya kuogopa. Ni mara chache, lakini sindano ikigusa pafu, hewa huvuja na pafu kusinyaa. Utasikia maumivu makali ya ghafla upande mmoja na pumzi kubana, pengine saa kadhaa baadaye, usiku. Usingoje kukuche, rudi hospitali. Kwa mtu wa Kojani, ambaye lazima avuke kwa chombo, afadhali usiku wa kwanza alale kwa jamaa Wete au Chake. Homa, usaha au kukohoa damu navyo si vya kusubiri.

Sasa majibu. Kwetu Tanzania, TB ni moja ya sababu kubwa za maji haya. Maji yanaweza kuisha na TB ikabaki, kisha ikarudi baadaye kwa nguvu. Dawa zake ni bure, kwa kawaida miezi 6. Vipimo vingine huchukua wiki kadhaa, na hata kipimo cha kwanza kisipoona kitu, daktari anaweza bado kuishuku TB. Kwa hiyo kabla hujatoka hospitali uliza: majibu lini, nayafuata kwa nani? Na acha namba ya simu inayopatikana, hata ikiwa ya jirani.