Asidi ya Uke Haitaki Sabuni

Siku ya soko mjini Karatina, dirisha la duka la dawa halikosi foleni. Mama mmoja anawapisha wenzake wote, kisha anainama na kunong'ona: "Daktari, nawashwa huku chini." Anapewa vidonge vya fangasi vya kuingiza ukeni, na juu yake anauziwa chupa ya sabuni ya kuoshea ndani. Vidonge huenda vikamfaa. Chupa hiyo haimfai hata kidogo.

Uke wa mwanamke wa umri wa kuzaa una asidi. pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ndogo ni asidi kali zaidi, kwa kawaida ni kati ya 3.8 na 4.5. Homoni ya estrojeni huziwezesha seli za ukuta wa uke kuweka akiba ya sukari. Bakteria rafiki, laktobasili, ambao Mjerumani Albert Döderlein aliwaeleza mwaka 1892, huitumia sukari hiyo kutengeneza asidi ileile inayochachua maziwa lala. Humo vijidudu vingi vya maradhi havistawi. Damu ya hedhi na shahawa hupandisha pH kwa muda, kisha mwili huirudisha wenyewe.

Sabuni ya kipande ina pH ya 9 hivi au 10, na kila hatua moja ya kipimo hiki kwenda juu hupunguza asidi mara kumi. Ikiingia ndani, laktobasili huangamia. Mjini Mombasa, watafiti waliwafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono kwa miaka 10, wakatoa matokeo mwaka 2006: waliojiosha ndani, hata kwa maji matupu, waliambukizwa VVU zaidi ya wasiojiosha, na hatari ilizidi kwa waliotumia sabuni. Kwa hiyo nawasihi dada zangu: osheni nje tu, kwa maji. Ndani kuna ute unaofanya kazi hiyo. Ndimu, kitunguu saumu na maziwa lala vibaki jikoni.

Tena, si kila muwasho unatokana na pH. Fangasi huleta ute mzito wa mabonge, na pH mara nyingi haibadiliki. Ute mwepesi wa kijivu wenye shombo la samaki, hasa baada ya tendo la ndoa, ni dalili kwamba bakteria wengine wamewazidi laktobasili; hapo pH hupita 4.5, na dawa ni metronidazoli, si vidonge vya fangasi. Majimaji ya manjano au kijani yenye povu huenda yakawa dalili ya trikomona, ugonjwa wa zinaa, na mume naye lazima atibiwe. Mjamzito asikisie: bakteria wanaowazidi laktobasili huhusishwa na kujifungua kabla ya wakati. Iwe Nyeri, Othaya, Kerugoya au Nanyuki, omba upimwe kwanza. Karatasi ya pH hutoa jibu papo hapo, ingawa namba peke yake haitoshi, kwa kuwa wapo wanawake wenye afya njema ambao pH yao huzidi 4.5 kidogo.

Na kina mama waliokoma hedhi, estrojeni ikishapungua, pH hupanda na uke hukauka. Wengi huvumilia maumivu wakidhani ni uzee tu, kumbe ipo krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni. Muulizeni daktari.