Kufeli Kuna Sababu, na Sababu Hutafutwa kwa Haki

Nchelenge ni wilaya ya Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru. Wakazi wake wengi hutegemea uvuvi. Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali hupiga marufuku uvuvi ili samaki wazaliane. Mwaka wa shule nao huanza Januari. Kwa hiyo mtoto wa mvuvi huingia darasani wakati nyavu za babake zimeanikwa na mfuko wa nyumbani umekauka.

Mtoto huyo akifeli mtihani, atajiuliza sababu. Jibu atakalojipa laweza kuamua kama atashika tena kitabu au atashika kasia.

Tangu miaka ya 1970, Bernard Weiner, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, alionyesha kuwa wanafunzi hutaja hasa sababu nne: kipaji, juhudi, ugumu wa mtihani na bahati. La kuangalia ni kama sababu hiyo yaweza kubadilika, na kama imo mikononi mwa mwanafunzi. Anayesema "sina akili" amejifungia mlango. Anayesema "sikujiandaa" amejiachia njia. Hata aliyefaulu, akidai ni bahati tu, hana la kurudia kesho.

Mwaka 1982, Timothy Wilson na Patricia Linville, wa Marekani pia, walitoa matokeo ya jaribio lao. Wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa na wasiwasi juu ya alama zao walielezwa kuwa alama za mwaka wa kwanza kwa kawaida hupanda baadaye. Walioelezwa hivyo walioacha masomo walikuwa wachache kuliko wenzao ambao hawakuelezwa.

Lakini si haki kumtwika mtoto lawama yote. Zambia ilifuta ada za sekondari katika shule za serikali mwaka 2022. Hata hivyo daftari na sare bado vyahitaji fedha, na juhudi peke yake hainunui daftari.

Askari wanalifahamu jambo hili. Kuruta akikosa shabaha, mkufunzi mwema hamwambii kuwa hakuzaliwa kuwa askari. Huikagua bunduki kwanza, kisha pumzi na kidole. Bunduki mbovu ni kazi ya fundi silaha; kidole ni kazi ya kuruta.

Askari aliye mzazi na afanye vivyo hivyo nyumbani: atengeneze lililo juu yake, ndipo amdai mtoto lililo juu ya mtoto.