Mtaro Una Upana Gani?

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari za vijana waliozunguka Dar es Salaam wakipima mitaro.

Desemba 2011 mvua kubwa ililipiga jiji. Mto Msimbazi, unaoteremka kutoka Pugu na kupita Vingunguti, Kigogo na Jangwani hadi baharini, ukafurika. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, na familia nyingi zikahamishiwa eneo la Mabwepande. Kwamba maji hukimbilia bondeni, kila mtu alijua. Kilichokosekana ni ramani ya vitu vidogo: vichochoro, nyumba, makalvati. Mitaa mingi ilikuwa imejengwa bila kupimwa.

Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani pamoja na wakazi. Ndege zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu, lakini picha ya angani haioni ndani ya mtaro. Hapo ndipo mtu hushuka na futi kamba.

Mfikirie binti mmoja wa chuo. Anapima upana, mita 1. Kina nacho mita 1, ila nusu yake imejaa mchanga na taka. Anaandika yote. Kisha anabisha hodi.

"Shikamoo, mama. Mafuriko yalifika wapi hapa kwako?"

"Marahaba, mwanangu. Yalifika hapa." Mama anagusa ukuta, chini kidogo ya dirisha. Urefu huo nao unapimwa na kuandikwa, maana kumbukumbu ya mama ni data, na mimi naithamini sawa na picha ya ndege.

Sasa tupige hesabu. Maji yakienda mita 1 kwa sekunde, mtaro ule ukiwa safi unapitisha lita 1,000 kila sekunde. Ukijaa mchanga nusu, hazizidi 500. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwa saa moja kwenye mtaa wa hekta 20 wenye mabati na ardhi iliyoshindiliwa, maji yote yakitiririka, zinakuja zaidi ya lita 2,700 kila sekunde. Zinazobaki zinaingia ndani kwa watu.

Kazi hii ya ramani ina mikono mingi. Mchambuzi wa data hukagua kila namba: akikuta mtaro wenye kina cha mita 80, anajua mtu aliandika sentimita akasahau kusema, na mtu anatumwa kupima upya. Mhandisi huamua kalvati liwe pana kiasi gani. Programu ya InaSAFE huonyesha nyumba zipi zitafikiwa na maji, ili watu waonywe mapema.

Ramani zenyewe zimo kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyo bure kwa yeyote. Mkipata intaneti, tafuteni Tandale, huko Dar es Salaam, mtazame vichochoro vyake, kisha tafuteni mtaa wenu mwone ni mtaro gani ambao bado haujachorwa.