Katiba Inapoipa Lugha Cheo Bila Kazi

Kifungu cha kwanza cha katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya mwaka 2006, kinasema lugha rasmi ni Kifaransa. Kisha kinataja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Serikali inatakiwa kuzikuza zote nne bila ubaguzi. Msomaji wa kawaida huona heshima kubwa hapo. Mwanasheria huona mpaka: lugha ya taifa inatambulisha watu, lugha rasmi inaandika sheria, hukumu na hati ya kiwanja. Mama wa Bukavu anafanya biashara na kusali kwa Kiswahili, lakini akigombania shamba la marehemu mumewe, karatasi zinakuja kwa Kifaransa.

Kwa hiyo, ukitaka kujua hadhi ya lugha katika nchi yoyote ya Afrika, usiishie kwenye kifungu kinachoisifu. Uliza hukumu inaandikwa kwa lugha gani.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ni mfano mzuri. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, pamoja na Kiingereza. Lakini nenda hadi kifungu cha 259: matoleo ya katiba yakipingana, la Kiingereza ndilo linaloshinda. Ninachokithamini zaidi mimi ni kifungu cha 50, kinachompa mshtakiwa haki ya mkalimani bila kulipa. Mfugaji wa Turkana anayeshtakiwa Nairobi anakihitaji hicho kuliko tamko lolote.

Tanzania imepita njia ya kinyume. Katiba ya mwaka 1977 haina kifungu kinachotangaza lugha ya taifa wala lugha rasmi. Suala la lugha linajitokeza kwenye sifa za mbunge, anayetakiwa kujua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. (Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 imekitaja Kiswahili wazi kuwa lugha rasmi.) Hata hivyo, Kiswahili kiliendesha ofisi, bunge na mahakama za mwanzo. Tatizo lilianzia ngazi ya juu yake. Shahidi alieleza kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza, na aliyefungwa akakabidhiwa nakala ya hukumu ambayo hakuweza kuisoma, huku siku za kukata rufaa zikihesabiwa. Bungeni nako, miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza ilijadiliwa kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Sheria ya Tafsiri ya Sheria ilirekebishwa: lugha ya sheria, ya mahakama na ya mabaraza ya kutoa haki ikawa Kiswahili, na Kiingereza kikaachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Kwangu, hayo ni mageuzi makubwa kuliko shangwe zote za siku ya Kiswahili.

Kwingineko mambo hayajatulia. Mali, kwa katiba ya mwaka 2023, ilizifanya lugha zake za taifa kuwa rasmi na kukishusha Kifaransa kuwa lugha ya kazi. Lakini kazi ndiyo inayotoa amri na vyeti, kwa hiyo Kifaransa hakijatoka mezani. Afrika Kusini ilikuwa na lugha rasmi 11, na mwaka 2023 ikaongeza lugha ya alama kuwa ya 12. Ilhali mwaka 2017 wakuu wa mahakama walikuwa wameshaamua kumbukumbu za mahakama kuu ziandikwe kwa Kiingereza peke yake. Walitaka kuokoa muda na gharama za tafsiri. Sababu hiyo ina uzito, ila anayeubeba ni Mzulu au Mvenda asiyejua Kiingereza.

Tanzania nayo ina kazi iliyobaki, na iko darasani. Elimu ya sekondari inatolewa kwa Kiingereza, na shahada ya sheria vilevile. Hakimu anayetakiwa leo kuandika hukumu kwa Kiswahili amesomeshwa sheria kwa lugha nyingine, na mwanafunzi atakayerithi kiti chake bado anasomeshwa hivyohivyo.